Mkate wa Kumfutia Nieves

Migdalia, ambaye mlango wake unatazamana na bomba la uani, ndiye aliyeanza kusema kwamba mzee Leovigildo hali mkate wake, anamlisha mwanamke wa karatasi. Wenzake wakaongeza chumvi: eti usiku huyo mwanamke husikika akitafuna.

Yaneisy aliujua ukweli. Alizoea kukaa kizingitini akimnyonyesha Maikel, na chumba cha mzee kilikuwa wazi mbele yake. Mzee aliisiliba karatasi kwa mkaa mpaka ikawa nyeusi tii. Kisha aliinyofoa ile sehemu laini ya ndani ya mkate, akaifinyanga kwa vidole, akaigusa karatasi nayo. Kila alipogusa, weusi uliondoka na mwanga ukabaki: ncha ya pua, kope, mdomo. Mashavuni alipitisha chaki nyekundu, nyeupe kidogo mno. Mkate wenyewe ulikuwa wa mgao, mmoja mdogo kwa mtu kwa siku. Akimaliza kazi, chakula chake ni kahawa tu.

Uso ule ulikuwa wa Nieves Arramendi, mwimbaji aliyezaliwa uani hapohapo, ambaye sasa hakuna redio Santiago isiyomwimbisha. Angekuja kwa kanivali. Bwana mmoja wa ofisi ya utamaduni alikuwa ameahidi kwamba Nieves akiikubali picha na kuitia sahihi, itatundikwa ukumbini. Mzee alikuwa amechora watu tangu ujana, na hakuna ukuta uliowahi kubeba kazi yake.

Alimchora mweusi, vilevile alivyokuwa alipokinga maji pale bombani.

Nieves alikuja na watu wake, poda imemweupisha hadi shingoni, na chini ya hapo rangi yake inaanza. Akaitazama picha.

"Mzee wangu, huyu nani? Ni mama yangu, au mpishi wake?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Migdalia alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Yaneisy kicheko kilimponyoka.

"Ni wewe, mwanangu," mzee akasema.

Nieves akafungua kikopo chake cha poda. Taratibu, kama mtu anayempaka mtoto, akasugua mashavu ya picha, paji, shingo. Poda ikachanganyika na mkaa, uso ukawa wa kijivu, kama wa maiti. "Sasa ndiye mimi," akasema, akatia sahihi. Watu wakapiga makofi.

Yule bwana wa ofisi alifurahi kupita wote. Akamwambia mzee asiguse chochote. Watu wangepanga foleni kuiona poda ya mkono wake Nieves mwenyewe. Gari lingeifuata asubuhi.

Ua ulipotulia, mzee akaja mlangoni kwa Yaneisy, vidole vyeusi.

"Mwanangu, una mkate?"

Yaneisy alidhani njaa imemshinda hatimaye. Akamwambia wake ameshaula, umebaki wa Maikel, aliokuwa akisubiri kumlowekea kwenye maziwa. Babu amege kipande, yeye atateleka kahawa.

"Si wa kula. Kuichana picha siwezi, mkono unakataa. Nilimtoa kwa mkate, nitamfuta kwa mkate." Akamtazama mtoto, akainamisha macho. "Kipande hakitoshi uso mzima. Nipe wote."