Shule Iliyofaulu Mtihani wa Macho

Mwalimu mkuu alinichagua mimi kupima macho ya watoto kwa sababu mbili: kioo cha simu yangu hakikuwa na ufa, na mimi ndiye niliyekuwa nikilalamika kuliko wote kwamba watoto wa siku hizi hawaoni wala hawasikii. Mdomo uliponza kichwa. Nikapelekwa Migori mjini siku mbili kufundishwa, nikarudi Karungu na programu ndani ya simu na majivuno ambayo mume wangu alisema tungeyanunulia kiti chake.

Programu yenyewe haikuwa ngumu. Mtoto anasimama mita mbili mbele yangu, namwelekezea kioo cha simu. Inatokea alama kama herufi E, miguu yake imeelekea juu, chini, kushoto au kulia, na kadiri anavyopatia inazidi kuwa ndogo. Mtoto ananyoosha mkono kuelekea upande wa ile miguu, nami napitisha kidole kwenye kioo kufuata mkono wake. Anayepima hatakiwi hata kuitazama alama. Simu ndiyo inayojua nani amepata na nani amekosa. Nilifurahi sana. Miaka yote niliyofundisha sijawahi kupewa kazi ambayo lawama zake zinabebwa na mtu mwingine.

Kosa la kwanza lilifanywa gwarideni siku ya Jumatatu, pale mwalimu mkuu alipotangaza kwamba Alhamisi kutakuwa na mtihani wa macho. Shule yetu si mahali pa kulitaja neno mtihani ovyo. Kila muhula tunapitwa alama kidogo na ile shule ng'ambo ya mto, na kila muhula mwalimu mkuu anazungumza kama mtu aliyefiwa. Watoto walianza kujiandaa siku hiyo hiyo. Saa ya mapumziko uwanja ulijaa wanafunzi wanaonyoosha mikono juu na chini kama askari wa barabarani. Nyanya mmoja alimlisha mjukuu wake vichwa vitupu vya omena, dagaa wa ziwa letu, siku tatu mfululizo, akisema macho yako kichwani. Alhamisi yenyewe, mtoto wa Gredi ya Kwanza alikuja na penseli mbili zilizochongwa, rula, na kifutio kipya.

Mimi nilicheka tu. Mawazo yangu yalikuwa kwa msichana mmoja wa darasa langu, Gredi ya Tano.

Msichana huyo alikuwa akinipandisha presha. Akinakili kutoka ubaoni, nusu ya maneno yanabaki njiani. Na hakuacha kunong'onezana na mwenzake wa dawati moja, msichana mfupi mwenye sauti ya nyuki. Muhula wa pili nikawatenganisha, mmoja dirishani, mmoja mlangoni. Minong'ono ikaisha, na alama za msichana wangu nazo zikaisha. Kwenye ripoti yake nikaandika kwa wino mwekundu: Mvivu. Hajali.

Mama yake, anayeanika omena pale ufukweni, alikuja shuleni na ripoti ile ameifunga kwenye pindo la leso.

"Mwalimu, mimi mkono umechoka kuchapa," akaniambia. "Hii term ikiisha na bado ako hivi, nampeleka kwa dada yangu huko Rusinga amsaidie kushika mtoto. Si hata kushika mtoto ni kazi?"

Ningeweza kumkatalia. Nilimwambia ni uamuzi wake kama mzazi, na kwamba pengine ni heri. Nilisema hivyo kwa sauti ya upole, mlango wa darasa ukiwa wazi, na watoto wote wakasikia. Zilibaki wiki mbili shule ifungwe.

Basi Alhamisi ikafika. Shuleni kwetu mtoto hufundishwa kupanga foleni kabla hajafundishwa kushika kalamu: wafupi mbele, warefu nyuma, kila mmoja mikono yake miwili juu ya mabega ya aliye mbele yake. Nikachora mstari kwa chaki, wa kwanza akasimama hapo, madarasa yote yakajipanga nyuma yake yameshikana, langu likiwa la mwisho. Ilikuwa ni foleni ya kupendeza mno. Hata nilipiga picha. Nikapima kuanzia asubuhi hadi kengele ya chakula, mikono ikinyooshwa bila kusita, simu ikisema huyu sawa, huyu sawa, huyu naye sawa. Msichana wangu alipofika mbele alipatia mpaka ile alama ndogo kabisa, ambayo mimi mwenyewe baadaye niliisogeza puani ndipo nikaiona.

Shule nzima ilifaulu, isipokuwa mmoja. Mwalimu mkuu aliyachukua matokeo kama mtu aliyeyangoja maisha yake yote. "Madam, hao wenzetu ng'ambo watasema nini sasa?" akaniuliza, akapiga simu ng'ambo ya mto ili ajue. Jioni nikakutana na mama wa yule msichana sokoni, nami nikamweleza kwa kujiamini kwamba macho ya binti yake ni mazima, simu imethibitisha, kwa hiyo kilichobaki ni uvivu. Akatikisa kichwa. Akasema basi Rusinga ni Rusinga.

Yule mmoja aliyeanguka alikuwa kiranja wa darasa langu, msichana mrefu kuliko wote, wa mwisho kwenye foleni. Utaratibu ni kwamba anayeanguka anapimwa mara ya pili. Siku ya pili nikamwita peke yake ofisini. Akapatia zote.

"Jana ulikuwa na nini?" nikamuuliza.

"Jana sikuwa na mtu nyuma, Madam."

"Mtu nyuma wa nini?"

"Wa kunigusa. Tulikubaliana mtu asinyooshe mkono kabla aguswe, ndio asikosee. Sasa mimi nikangoja, nikangoja, hakuna mtu. Nikaona ninyooshe tu popote."

Nilikaa chini. Kiranja akanieleza taratibu, kama mtu anayemfafanulia mgeni njia. Bega la kulia likigongwa, kulia. La kushoto, kushoto. Kidole kwenye shingo, juu. Ukivutwa nguo kiunoni, chini. Kama aliye nyuma yako naye haoni vizuri, aliye nyuma yake anampitishia, naye anakupitishia wewe. Shule nzima ilikuwa imefanya mazoezi uwanjani siku tatu, na mimi nimesimama hapo hapo nikicheka.

Niliingia darasani nikiwa nawaka. Nikauliza nani alianzisha upumbavu huu. Halafu yule mfupi mwenye sauti ya nyuki akasimama.

"Ni mimi, Madam. Lakini mama yake alisema yeye akianguka tena anaenda Rusinga, na wewe ukakubali. Na hii ilikuwa mtihani. Sasa tungemwacha aanguke?"

"Angeanguka kwa nini? Si macho ni yake?"

Akanitazama kama mtu anayeshangaa kwamba hata jambo hili nahitaji kuambiwa. "Yeye haoni ubao, Madam. Mimi ndio nilikuwa namsomea. Sasa ulinitoa hapo kwake, na huyo ulimweka karibu naye hata kusoma mwenyewe hajui."

Aliyetajwa akalalamika kidogo, lakini hakukanusha. Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikumbuka ile minong'ono ya muhula mzima, na mara nilizowasimamisha wote wawili ukutani kwa ajili yake. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa kusoma. Nilisikia aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka kwenye masikio.

Nikampima msichana wangu peke yake, hakuna mtu nyuma wala pembeni. Alisimama kwenye mstari, mikono imelala. Alama ya kwanza, kubwa kuliko zote, aliipata. Ya pili akakunja uso. Ya tatu akageuza shingo polepole, akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Akanyoosha mkono juu, halafu akaushusha, halafu akanitazama mimi, ingawa sidhani aliuona uso wangu vizuri. Simu haikuhitaji muda mrefu. Iliandika apelekwe kliniki ya macho Homa Bay.

Mwalimu mkuu nilimweleza kwamba itabidi tuanze upya shule nzima, mtoto mmoja mmoja, mlango umefungwa. Aliuliza kama ni lazima wale wa ng'ambo wajue.

Kisha nikashuka ufukweni. Sijawahi kutembea polepole namna ile. Mama yule alikuwa ameinama, anageuza omena juu ya nyavu, na hakuinuka aliponiona. Nikamwambia kila kitu: foleni, mabega, madawati, wino mwekundu. Nikamwambia kosa ni langu, si la mtoto, na kwamba kule sokoni nilimdanganya bila kujua. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea.

"Nilimchapa juu ya hiyo karatasi yako," akasema.

"Najua, mama. Nisamehe."

Kisha akajifuta mikono kwenye leso, akainuka. "Hiyo simu yako ilishadanganya mara moja. Nipime mimi nione vile inafanya."

Nikahesabu mita mbili kwenye mchanga, nikamsimamisha, nikamweleza. Wenzake wakaacha kazi watazame, wakimtania kwamba asije akaifelisha familia. Naye akawa anacheka, mkono tayari. Alama ya kwanza aliipata. Ya pili akapiga hatua mbele, nikamwomba arudi. Ya tatu akakunja uso vile vile nilivyouona uso mwingine ukikunjwa asubuhi ile. Wenzake waliendelea kutania, halafu mmoja mmoja wakaacha. Simu ikatoa jibu lake. Sikulisoma kwa sauti, nikamwonyesha tu kioo, akakichukua akakisogeza karibu sana na macho.

"Mimi niliacha darasa la tano," akasema. "Mwalimu aliambia baba yangu hii kichwa haiingii kitu."

Akanirudishia simu, akainama tena kwenye omena zake, akageuza safu nzima mpaka mwisho kabla hajaniuliza kliniki ni siku gani. Nikamwambia Jumanne. Nikatoa daftari niandike jina la binti yake.

"Andika wawili," akasema.