Redieta ya Oili Katika Harusi ya Hamisi

Jamani, kuna aibu za mtu kuteleza sokoni, akainuka, akajipangusa vumbi, yakaisha, na kuna aibu kama hii yangu, ambayo hadi leo nikipita Mikindani hakosi mama mtu mzima wa kutoa kichwa dirishani na kuniuliza, "Issa, leo umefunga vizuri?" nami nacheka naye, kwa sababu siku ile kweli sikufunga vizuri, na nilijua sikufunga vizuri, na fundi mwenyewe ndiye mimi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa sabini, nafanya kazi gereji hapa Mtwara mjini, nakaa Magomeni, na nina gari. Sisemi gari la kubebea korosho, nasema gari la mbio, jekundu, milango miwili, kabureta mbili, nililolichukua kwa mwalimu mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao, akaniambia amelikimbiza kwenye mashindano huko Dar na Nairobi (alisema yeye, mimi sikubisha), na mngurumo wake, hata wewe ukiwa kitandani kwako, unajua Issa kapita. Kila jioni nilikuwa napita nalo mbele ya nyumba ya Mzee Bakari, nakanyaga mafuta kidogo, napunga mkono, natokomea, maana ndani ya nyumba ile alikuwamo Somoe, na nilitaka asikie.

Huyo Mzee Bakari alikuwa mfanyabiashara wa chumvi na samaki wakavu, mtu wa maneno machache, na Somoe ni binti yake. Wazee wangu walikuwa wamekwenda kuposa. Wakapokewa vizuri, wakala halua, wakanywa kahawa, wakaambiwa, "Tumesikia, tutawaita." Hawakuitwa. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine, hawakuitwa, na mimi usingizi ukawa wa mang'amung'amu, kwa sababu msichana yule nilimpenda, niseme nini tena, nilimpenda. Nikajiambia najua tatizo liko wapi: mzee anamwona fundi mwenye grisi kwenye kucha, anaona hana hadhi. Dawa yake apande lile gari siku moja, akae kiti cha mbele, atabadilika mwenyewe.

Na Mungu si Athumani. Hamisi, kaka yake Somoe na rafiki yangu, akapata mchumba Mikindani, akaja kuniomba nimpeleke kwenye harusi yake na gari langu. "Baba atakaa mbele na wewe," akasema. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Tatizo ni kwamba gari lilikuwa na ugonjwa. Ukilikimbiza kwenye jua, oili inachemka, inakuwa nyepesi kama chai, sindano ya presha inalala, na hapo usiposimama injini inakufa. Yule mwalimu alikuwa ameniambia dawa yake ni kulifungia redieta ya oili: oili inatoka kwenye injini kwa mpira, inapita kwenye redieta ndogo pale mbele, inapigwa upepo, inarudi imepoa. Nami nilikuwa nayo moja, nimeichomoa kwenye mashine mbovu ya tangu enzi za ukoloni, za ule mradi wa karanga wa Waingereza, nikaiosha kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Nikaifunga mbele kabisa ya gari, nyuma ya kimia, ule wavu wa chuma wa usoni, na Wallahi ilikaa kama imezaliwa pale.

Kilichopungua ni klipu za kukazia mipira. Zilizokuwepo zilitosha upande mmoja tu. Duka la vipuri limefungwa, harusi ni kesho, na mimi macho yakaangukia kwenye kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokuwa kinaning'inia msumarini. Msinicheke bado. Nani kati yenu hajafunga kitu kwa mpira wa tyubu? Mnafunga mzigo wa baiskeli, mnafunga mguu wa kitanda, mpini wa jembe, mlango wa choo, na vinakaa miaka. Nikachana tyubu vipande virefu, nikavuta, nikazungusha, nikakaza kwa meno, nikaliwasha gari, nikazunguka Magomeni mara mbili, oili haikuvuja hata tone. (Fundi yeyote atakuambia mpira wa tyubu na oili ya moto havikai nyumba moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaambia watu hivyo.)

Kesho yake nikafika kwa Mzee Bakari na shati jeupe, gari linameremeta. Mzee akatoka amevaa kanzu mpya, kofia ya kufumwa, bakora mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akaingia kiti cha mbele. Hamisi kiti cha nyuma na joho lake na kilemba, amejikunja magoti yamefika kidevuni. Nyuma yetu lori la wanawake, Somoe akiwamo, na jingine la matarumbeta. Nikataka kuondoka, ndipo akaja Bi Mwanahawa, shangazi yao, na kanga mpya mkononi.

"Ngoja, ngoja, mwanangu. Gari la harusi linakwenda uso wazi?"

Akaanza kulifunika. Kanga moja juu ya boneti, nyingine akaitandaza mbele yote, kutoka taa hii mpaka taa ile, akaifunga fundo kila upande. Juu ya kimia, yaani juu ya redieta yangu, yaani pale pale upepo unapopita! Nikafungua mdomo. Nikamtazama shangazi, nikamtazama Mzee Bakari anayenitazama, nikawaza, nikianza leo kumkosoa shangazi wa Somoe mbele ya watu, posa yangu naizika mwenyewe. Nikasema, "Limependeza, shangazi." Basi.

Tukaenda vizuri. Sikukimbia, niliunguruma tu. Kila tukikaribia nyumba nakanyaga, watoto wanatoka mbio, nami namtazama mzee kwa jicho la pembeni nione kama ameshaanza kubadilika. Anatazama mbele tu.

Karibu na kuingia Mikindani, wanawake wa upande wa bibi harusi wamefunga njia, kama desturi, wameshika kanga kutoka ukingo huu wa barabara mpaka ule, hapiti mtu mpaka kieleweke. Wanaimba, wanacheza, wanatutania kwamba bwana harusi kaja mikono mitupu. Mzee Bakari akashuka kwenda kuongea nao, akasimama mbele ya gari, mgongo kwangu. Na mimi, badala ya kuzima injini kama mtu mwenye akili, nikaona hapa ndipo pa kuwaonyesha watu wa Mikindani gari lenyewe likoje. Nikakanyaga. Nikaachia. Nikakanyaga.

Gari limesimama, upepo hakuna, kanga imeziba, oili imechemka, na tyubu yangu kule chini imeshalainika kama ugali. Kilichofuata nilikuja kusimuliwa, kwa sababu mimi mbele nilikuwa naona maua ya kanga tu: mpira ulichomoka, kanga ikafura, na oili nyeusi ikapenya na kuruka mbele. Wanawake wakapiga mayowe. Mimi nikadhani ni vigelegele. Nikafurahi, nikakanyaga zaidi, na kadiri nilivyokanyaga ndivyo injini ilivyozidi kuwamwagia, mpaka Hamisi aliponishika shingo kutoka nyuma, "Zima! Zima wewe, unammaliza baba!"

Nikazima. Mzee Bakari akageuka.

Alhamdulillahi hakuungua mtu, joto lote lilibaki kwenye zile kanga, lakini kanzu ile mpya ilikuwa nyeupe mbele, na nyuma kuanzia mabegani mpaka kwenye kisigino ilikuwa nyeusi inachuruzika. Moshi nao ukaanza kutoka chini ya boneti, mtu akapiga kelele, "Linaungua!" na matarumbeta yote yakatimua mbio, aliyekuwa na ngoma kubwa akaiacha ikabiringika peke yake hadi mtaroni. Hamisi akaruka nje, akakanyaga oili, akakaa chini na joho lake. Na kwenye lori nikamwona Somoe ameshikilia ubao, anacheka machozi yanamtoka. Nikajua basi, imekwisha, huyu simpati tena.

Gari halikuungua, lilikuwa linafuka tu. Lakini limeziba njia, na oili imekwisha, kuliwasha ni kuliua. Ikabidi lisukumwe. Nikavua shati, nikaweka bega, oili inateleza, naanguka, nainuka, wenzangu wanasukuma wanacheka, na hao wanawake wa Mikindani wakatunga wimbo papo hapo, Mungu awape nini:

"Bwana harusi karibu, karibu na miguu yako,
Gari lenu limelewa, limetapika njiani!"

Na kibwagizo chake, "Limetapika eee!" Mwanzoni niliona nitumbukie baharini nisionekane tena. Kisha, sijui niseme nini, wimbo ulikuwa mtamu, bega linauma, aibu imeshafika mwisho haina pa kuongezeka, nikajikuta naitikia na mimi, kwa sauti, "Limetapika eee!" mpaka tukafika mlangoni kwa bibi harusi. Mzee Bakari akaazimwa kanzu, ndoa ikafungwa.

Kesho yake mzee akaniita. Nilikwenda kwa miguu, nikijua nakwenda kusikia la mwisho. Nikamkuta barazani peke yake.

"Issa, unajua kwa nini sikuwaita wazee wako?"

"Kwa sababu mimi fundi, mzee."

"Fundi? Mimi nimeanza kwa kubeba chumvi kichwani, leo nimdharau fundi? Ni lile gari lako. Kila jioni unapita hapa unanguruma, unapunga mkono kama gavana, hata siku moja hukushuka kuniamkia. Nikasema huyu ni kiburi kitupu, mwanangu atakwenda kuteseka." Mdomo ukamcheza kama anayezuia kicheko. "Jana nimekuona umepakaa oili mpaka masikioni, Mikindani nzima inakuimba, na wewe unaitikia. Nikasema, aa, kumbe mle ndani mlikuwa na mtu. Waambie wazee wako waje."

Nikakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. Ndani nikamsikia Somoe anacheka tena.

Basi mkiniona nafika nyumba ya mtu, nazima injini kule mbali, nashuka, natembea, naamkia kwanza hata kama ni mtoto aliyekaa mlangoni, msidhani ni uzee.