Faili la Maumivu ya Tumbo

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hospitalini wanamwita Bi Rudisha. Kazi yake ni kusoma mafaili ya wagonjwa na kuupa kila ugonjwa namba yake kwenye kompyuta, na faili lisilomridhisha hulirudisha kwa daktari aliyeliandika. Nyumbani ni yule yule. Nilipoolewa nilimpa kitambaa cha gauni, akakirudisha: eti rangi haimfai. Nilimwekea kinyongo, sifichi.

Mimba yangu ya tatu ilipoharibika, kabla hata tumbo halijaonekana, mama mkwe alikuja wodini na wala hakukaa.

"Kila mara tumbo, tumbo. Hizo mimba nani aliziona? Kadi zako zote zinasema maumivu ya tumbo."

Na kweli zilisema hivyo, zote tatu. Majibu ya mkojo yalikuwemo kwenye faili, picha za ultrasaundi zilikuwemo, lakini daktari kila mara aliandika lile jambo jepesi, akaita mgonjwa mwingine. Mimi nimezika matumaini mara tatu, yeye kaandika tumbo! Na kliniki ya daktari bingwa haimchunguzi mtu wa maumivu ya tumbo. Inataka mimba zilizoharibika, zimeandikwa.

Nikajikokota hadi ofisini kwa wifi, mafaili yamepanda mpaka dirishani. Nilijua mcheza kwao hutunzwa.

"Wifi, niwekee namba inayotakiwa. Si wewe uliyenishika mkono damu ikinitoka?"

"Siwezi. Naweka alichoandika daktari, siyo ninachokijua mimi."

"Hata kwa ndugu yako?"

"Hasa kwa ndugu. Leo nikikuandikia wewe kwa sababu nakupenda, kesho nitamwandikia nini nisiyempenda?"

Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akachukua faili langu, akatoka. Nikamfuata hadi chumbani kwa daktari.

"Bi Rudisha, tena?" daktari akacheka. "Huyu si ameshatibiwa? Nani atasoma hayo?"

"Mimi nasoma. Picha inasema mimba, wewe unasema tumbo. Lipi la kweli?"

"Nina wagonjwa nje."

"Na huyu ni mgonjwa. Nitasubiri."

Akavuta kiti cha wagonjwa, akakikalia. Foleni ikaanza kuguna. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka kwenye benchi, "Daktari, mwandikie huyo mama, nasi tupate zamu!"

Daktari akafungua picha ya kwanza. Kwenye ya pili aliacha kucheka. Akaandika upya, mara tatu, kila mahali akaweka sahihi na tarehe ya siku ile, kisha akaniandikia rufaa ya kwenda kwa bingwa. Kazi yote hiyo, hata chai kikombeni isingepoa. Nilitamani kumrushia kile kiti.

Jioni niliiweka rufaa mezani mbele ya mama mkwe.

"Nisomee," akamwambia binti yake. "Miwani sinayo."

"Siri ya mgonjwa, mama. Mwenyewe huyo hapo."

Basi nikasoma mwenyewe, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Mimba ya kwanza, imeharibika. Mimba ya pili, imeharibika. Kwenye ya tatu sauti ilinikatika, nikaanza tena mpaka nikaimaliza.

Mama mkwe akakunja upande wa kanga yake, akaukunjua. Akauliza kama chakula kimeiva.

"Chakula baadaye," wifi akasema. "Kwanza mpe pole yake."

Wifi akavuta kiti, akakikalia.