Tiketi ya Makumbusho

Karani wa dirisha la pili, pale posta ya Bukavu, hapigi muhuri juu ya stempu ya Zaïre bila kusimulia kwanza siku mbili alizostarehe Kinshasa: Jumamosi thieta, Jumapili makumbusho. Akisimulia, vidole vyake vyembamba hupapasa tiketi aliyoichomeka kwenye kioo. Euphrasie wa dirisha la kwanza husonya tu, wivu ukimla. Leo karani amemgeukia na kushusha sauti.

“Maman, kule musée niliona kinyago ya kwenu Shabunda, kadogo, ya pembe ya tembo. Niliiangalia mpaka nikashiba.”

Kinyago kama hicho baba yake Euphrasie alikificha kikapuni. Kila alipokifungua, bintiye alitolewa nje, kwani ilikuwa mwiko mwanamke akione. Mzee akafa hivyo hivyo, bintiye hajakiona.

Euphrasie akasogeza kiti karibu.

“Iko na macho?”