Mabungo ya Mwaija

Bwanausi aliporudi Bagamoyo na msafara kutoka Tabora, mkewe Mwaija alimpita njiani asimtambue. Alikuwa akienda kisimani, akamwona mpagazi anajikongoja kwa fimbo, miguu imevimba, akamwamkia kama anavyowaamkia wageni.

"Mama Mina, hunijui?" yule mtu akauliza.

Mwaija akatua mtungi, akalia palepale.

Nyumbani Bwanausi hakuweza kula. Ufizi ulivimba na kutoka damu, meno yakicheza mdomoni. "Bara tulikula mtama mkavu tu," alisema. "Wenzangu wengine tumewazika njiani wakiwa hivi hivi."

Mwaija akakumbuka kuwa marehemu mama yake aliwapa mabungo, yale matunda machachu ya mwituni, watoto wenye ufizi mbovu, na msimu wake ulikuwa umefika. Kulipokucha akachukua kikapu, akaingia msitu wa Mlingotini. Kila alipopita alikuta mibungo imekatwa na kukauka juu ya miti iliyoitambalia. Utomvu wake ndio mpira, na mpira siku hizo ulitakiwa sana na matajiri wa mjini.

Mbungo wa kwanza aliouona mzima, wenye matunda ya manjano tele, Mzee Muhidini, mgema mpira, alikuwa chini yake na panga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba mabungo. Mume wangu mgonjwa, hali chakula."

"Ngoja niukate, uokote chini bila taabu."

"Ukiukata, mwakani mimi nitachuma wapi? Na wewe utagema wapi?"

"Nisipoukata mimi, watakuja wengine."

"Basi na waukate hao wengine, mjomba. Si wewe."

Muhidini akacheka, akatikisa kichwa. Akachanja gome kidogo tu, akakinga utomvu wake, kisha akapanda kumwangushia matunda.

Mwaija aliyapasua, akaloweka kokwa zake, akazifikicha mpaka maji yakawa mazito ya rangi ya manjano. Funda la kwanza lilimtoa Bwanausi machozi kwa uchachu. "Unaniua, mke wangu!" Akamzimulia kwa maji na asali, akamnywesha kidogo kidogo kwa kifuu, asubuhi na jioni. Damu ikakata kwanza. Kisha miguu ikanywea, na siku moja Bwanausi akaagiza mwenyewe wali na samaki. Meno mawili ya mbele yalikwishang'oka. Hayo hayakuwa na dawa.

Msafara mwingine ulipotafuta watu, alikataa, akashika jembe.

Mbungo ule ulikatwa mwaka uliofuata, haikujulikana na nani. Mwaija alihuzunika, lakini alikuwa amekwisha kupanda kokwa nyuma ya ua, na miche miwili ilikuwa imeshika mwembe wa jirani. Misafara ilipoingia, alijitwika mtungi wa maji ya mabungo hadi kambini kwa wapagazi. Wengi walikunja uso. Bwanausi, akiwa kando yake, aliwaonyesha pengo lake, akawaambia wanywe.