Kibuyu cha Ucuru Ukweni

Mwenzenu bado naona aibu. Mimi ni mtu wa Voi, na Jumamosi iliyopita nilienda Mitunguu kujitambulisha kwa kina Kendi, mchumba wangu. Njia nzima nilikariri majina ya vyakula vyao. Mahindi na maharagwe kwetu ni pure, kwao ni githeri. Uji mchachu wanauita ucuru. Nikajiona profesa.

Tulipoketi na wazee, mama yake akanikabidhi kibuyu kikubwa. "Karibu. Mgeni ndiye huanza."

"Asante, mama! Huu ndio ucuru!" Wote wakanipigia makofi.

Basi nikafumba macho, nikanywa. Nikajikaza hadi tone la mwisho, maana kwetu kubakisha cha mkwe ni dharau. Nilishusha kibuyu kikavu, nikapangusa masharubu, nikangoja sifa.

Kendi alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Ndipo nikawaona wazee wote mstari mmoja, kila mmoja akingoja apige funda ampitishie jirani yake.

Babu yake akachungulia ndani ya kibuyu, kisha akanitazama.

"Kijana, jina umelijua sana. Sasa sisi tunywe jina?"