Nyasi za Mbuzi wa Njoroge

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipokata gunia zima la nyasi kwa ajili ya mbuzi ambaye hakuwa wangu. Nimeikumbuka leo kwa kuwa nimekusikia ukibishana na wenzako nani atakuwa mchezaji bora wa msimu, mpaka wewe na rafiki yako hamsalimiani. Keti kidogo nikueleze.

Ligi yetu ya besiboli ilikuwa ndogo, timu chache tu kutoka Ruiru hadi Thika, na glavu tulikuwa tukiazimana. Lakini mchezaji bora wa msimu alipewa beberu mzima, na palikuwa na desturi moja: hukuruhusiwa kumpigia kura mtu wa timu yako. Ulichaguliwa na wapinzani.

Mimi nilikuwa mpigaji wa kuogopwa. Gongo langu likiupata mpira, uliruka ua ukatua kwenye kahawa ya watu. Nikasifiwa, na unajua yanayompata mgema akisifiwa. Asubuhi ya fainali nilikuwa nimeshajenga kizizi nyuma ya nyumba yetu pale Gatongora, nyasi tele ndani. Mama akachungulia.

"Mbuzi mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja jioni, Mama."

"Haya. Mtoto hajazaliwa, wewe umeshanunua mbeleko."

Fainali ilichezwa Thika. Zamu yetu ya mwisho ya kupiga ilifika tukiwa sare. Rafiki yangu Njoroge alikuwa amesimama kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka nyumbani, yaani kituo cha mwisho, na akifika hapo tunaongoza. Zamu ikawa yangu. Watu wa Thika waliponiona, wote wakarudi nyuma hadi penye ua, kuungoja mpira wangu mkubwa. Kocha wetu, Mwalimu Nduta, akajishika sikio. Hiyo ilikuwa ishara: uguse mpira taratibu, uanguke hapo karibu. Wewe utatolewa, lakini Njoroge atafika.

Niliiona ishara. Nikajifanya sikuiona. Nani apewe mbuzi kwa kugusa mpira kama anayeonja uji?

Nikazungusha gongo kwa nguvu zangu zote. Hewa. Mwalimu akashika sikio tena. Hewa. Mara ya tatu alikuwa ameyashika yote mawili. Hewa tena, na ukikosa mara tatu unatolewa; nami nikatoka. Mwenzangu aliyefuata akatolewa pia, zamu yetu ikaisha, Njoroge akabaki palepale, mikono kiunoni. Thika waliposhika gongo, wakashinda.

Kisha kura zikasomwa. Mchezaji bora wa msimu akawa Njoroge, ambaye hakuwahi kuvusha mpira ua hata siku moja. Kapteni wa Thika akaeleza akicheka: "Huyu mwingine tulikuwa tunamngoja tu apige kwa hasira. Lakini Njoroge anajitoa, wenzake wanapita. Huyo ndiye ametusumbua msimu mzima."

Mbio nyingi nilizojivunia kuzimalizia nyumbani, ni yeye aliyenisogeza kituo hadi kituo.

Mwalimu Nduta alinijia nikikunja jezi. Hakupandisha sauti. "Sikio langu limechoka kushikwa," akasema, "na kazi yake ilikuwa kukufikishia kitu kimoja tu." Kisha akanipa chupa ya maji, akaenda zake.

Njoroge naye akaja akimvuta beberu kwa kamba. Niliogopa atakachosema.

"Boss, nasikia uko na nyasi."

"Nani amekwambia?"

"Mamako, asubuhi nilipopita kwenu. Na kizizi pia uko nacho. Kwetu hakuna."

Basi mbuzi wa Njoroge akalala kwangu siku tatu, akila nyasi zangu na kunitazama bila haya. Siku ya nne tukamchoma, timu nzima, na Njoroge akanikatia kipande cha kwanza.

Mwanangu, kutamani kuwa bora si kosa, tamani tu. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na sifa ukiikimbiza mbele ya macho ya watu, wale unaocheza nao wanaona zaidi ya unavyodhani. Ukionyeshwa jambo dogo la kumsaidia mwenzako, lifanye hata kama hakuna atakayepiga makofi. Na kesho msalimie rafiki yako, kabla kura hazijasomwa.

Mungu aitie nguvu mikono yako, akupe na mtu wa kukusogeza. Nawe ukimkuta mwenzako amesimama kituo cha tatu, umfikishe nyumbani.